Mashine imesoma faili. Nani amemsoma mgonjwa?

Kila Alhamisi jioni sisi wanafunzi wa uzamili tunakaa pamoja, tunachagua makala moja ya kisayansi, na tunaichambua mpaka tuone mifupa yake. Wiki hii zamu ilikuwa yangu, nikaja na makala niliyoipenda kweli: utafiti wa Nairobi uliotolewa Julai 2025 na watu wa Penda Health wakishirikiana na OpenAI, ile kampuni ya ChatGPT. Bila shaka umekutana na habari yake mtandaoni. Wengi waliipokea kama ushahidi kwamba akili mnemba (wenzetu wa Kenya hupenda kusema akili unde) sasa imeingia kliniki na inafanya kazi.

Nilipomaliza kuwasilisha, mwenzetu mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kurudi darasani aliuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, hao waliohesabu makosa, walimwona mgonjwa?"

"Hapana, dada. Walisoma maelezo yaliyoandikwa kwenye mfumo."

"Basi wamesahihisha daftari."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kuitetea ile makala kwa hoja zote, isipokuwa hiyo. Nimeirudia kuisoma mara mbili tangu siku ile. Bado nasema ni miongoni mwa tafiti bora tulizonazo kuhusu akili mnemba kwenye huduma ya afya ya msingi. Ila dada yule aliweka kidole mahali penyewe, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza, walichofanya vizuri

Penda Health inaendesha kliniki za huduma ya msingi Nairobi. Wanaokuja ni watu wa kila siku: mtoto anakohoa, mama presha imepanda, kijana anaumwa tumbo. Wengi wa wanaowahudumia ni matabibu wa ngazi ya kati, si madaktari bingwa. Mtu mmoja anatarajiwa ajue ngozi, mapafu, ujauzito na kisukari, yote ndani ya asubuhi moja, na foleni iko nje.

Chombo chao kinaitwa AI Consult, na ndani yake kuna modeli ya lugha ya GPT-4o. Tabibu anapojaza taarifa za mgonjwa kwenye kompyuta, chombo kinasoma kimyakimya, kisha kinawasha rangi. Kijani: hakuna wasiwasi. Njano: kuna jambo la kuangalia, ukipenda. Nyekundu: simama, fungua usome, hapa pana hatari. Hata ikiwaka nyekundu, uamuzi unabaki kwa tabibu.

Hapa nawapigia makofi, na sababu ni hii. Kwa miaka kadhaa tumelishwa habari za modeli zinazofaulu mitihani ya udaktari. Sawa, zimefaulu. Lakini mgonjwa haji kliniki akiwa na majibu manne ya kuchagua. Penda walitoka kwenye mtihani wakaenda kazini: ziara 39,849 za wagonjwa, kliniki 15, matabibu wengine wakiwa na chombo na wengine bila. Pia hawakukitupa tu kile chombo halafu wakaondoka. Waliwafundisha watu, waliweka wenzao wa kuwasaidia, na walifuatilia nani anapuuza taa nyekundu na kwa nini. Kama unataka kujifunza maana ya kuweka teknolojia kliniki kwa uangalifu, sehemu hiyo ya makala isome yote.

Na matokeo? Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 kwa wenye chombo. Makosa ya matibabu, asilimia 13.

Tuelewane kidogo kuhusu hizo asilimia, maana zinapotosha watu wengi. Asilimia 16 hapa ni ya makosa, si ya wagonjwa. Palipokuwa na makosa 100, yamebaki 84. Ukiigeuza hesabu kwa wagonjwa, makala inasema chombo kitumike kwenye ziara kama 18 ili kosa moja la utambuzi liepukwe. Kwa kliniki zenye mamia ya maelfu ya ziara kwa mwaka, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa hiyo chombo kinafanya kitu. Swali ni kitu gani hasa.

Kosa lilionekana wapi?

Madaktari 108 walipewa rekodi za ziara 5,666 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Wakasoma kila rekodi na kusema: hapa historia ya mgonjwa haijachukuliwa vizuri, hapa vipimo si sahihi, hapa ugonjwa umekosewa, hapa dawa siyo.

Walisoma rekodi. Hawakusikia kifua cha mtu. Hawakumuuliza mama mtoto ameanza lini kuharisha. Walichokuwa nacho ni kile tabibu alichokiandika.

Sasa angalia. Mashine nayo ilikuwa na nini? Kitu kilekile, yaani kile tabibu alichokiandika. Mashine inasoma maandishi na kumwambia tabibu maandishi yana pengo. Tabibu anaziba pengo. Kisha daktari mwingine anasoma maandishi yaliyozibwa na kusema yana makosa machache. Msahihishaji wa kwanza na wa pili wote wanatazama karatasi moja, na mgonjwa ameshakwenda nyumbani.

Ukitaka kuona kwamba sitafuti ugomvi bure, tazama tofauti ilikuwa kubwa zaidi wapi. Haikuwa kwenye dawa wala kwenye utambuzi. Ilikuwa kwenye uchukuaji wa historia: makosa pungufu kwa asilimia 32. Historia ndiyo sehemu ya ziara inayotegemea maandishi kuliko zote. Tabibu anaweza kumuuliza mgonjwa kama ana mzio wa dawa, akajibiwa hapana, asiandike. Kwenye chumba, ameuliza. Kwenye rekodi, amekosea. Chombo kikimkumbusha aandike, "kosa" linafutika bila mgonjwa kuhudumiwa tofauti.

Lakini kuna upande wa pili, na haki yake ni kubwa. Taa ikiwaka kwa sababu hukuandika joto la mwili, mara nyingi ni kwa sababu hukupima. Utachukua kipimajoto sasa hivi, mtoto angali mapajani kwa mama yake. Hapo karatasi imemvuta tabibu kurudi kwa mgonjwa, na hicho ndicho tunachokitaka.

Yapi kati ya hayo mawili yalitokea, na kwa kiasi gani? Rekodi peke yake haiwezi kusema, kwa sababu yote mawili yanaacha alama ileile: neno lililokuwa halipo, sasa lipo.

Kuna jambo jingine katika makala linalonivutia. Kadiri siku zilivyokwenda, matabibu wenye chombo walianza kupata taa nyekundu chache tangu mwanzo wa ziara, kabla hata hawajarekebisha chochote. Waandishi wanaona hapo dalili kwamba watu wamejifunza. Nakubali wamejifunza. Ila sisi wanafunzi tunajua vizuri kuna kujifunza somo na kuna kumjifunza msahihishaji. Mwalimu anayetoa alama kwa neno "hivyo basi" atapata "hivyo basi" kila ukurasa. Tabibu naye ni mwanadamu, foleni iko nje, na ameshajua maneno yapi yanazima taa.

Na wagonjwa wenyewe? Walipofuatiliwa, wasiojisikia nafuu walikuwa asilimia 3.8 upande wenye chombo na asilimia 4.3 upande usio nacho. Kitakwimu, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Hii haimaanishi chombo hakisaidii, maana wagonjwa wengi wa kliniki kama hizi hupona vyovyote iwavyo na madhara makubwa ni machache, kwa hiyo ungehitaji watu wengi sana ili uone tofauti. Inamaanisha kwamba faida iliyothibitishwa mpaka sasa iko kwenye karatasi. Kwenye mwili bado tunasubiri.

"Homa" moja, faili tatu

Kuna pengo ambalo msomaji wa Kiswahili analiona haraka, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Mgonjwa wa Nairobi anaeleza shida yake kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa wa Dar, Tanga au Mwanza vivyo hivyo. Faili linaandikwa kwa Kiingereza. Katikati yuko tabibu, naye anatafsiri bila mtu kumlipa kazi ya ukalimani.

Chukua neno moja: homa. Mtu akisema "nina homa", anaweza kumaanisha mwili unachemka. Anaweza kumaanisha mafua, hasa Kenya. Anaweza kumaanisha tu kwamba hajisikii vizuri. Na kwa mzazi wa sehemu zenye malaria, homa na malaria zinatembea pamoja mdomoni. Neno moja, na tayari kuna mafaili matatu tofauti yanayoweza kuandikwa. Modeli italisoma lile lililoandikwa, na italisoma vizuri kabisa. Ikiwa tafsiri ilikosea, modeli itakuwa makini juu ya kosa.

Au chukua degedege. Kitabuni ni mtoto kushikwa na mtukutiko kwa sababu ya joto kali, na inaweza kuwa alama ya malaria iliyopanda kichwani. Lakini tafiti za pwani ya Tanzania zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kwa wazazi wengi degedege ni ugonjwa wake peke yake, wenye asili yake na waganga wake. Mama akitamka neno hilo, huenda anakueleza pia kwamba mtoto ameshapelekwa kwingine na ameshapewa kitu kabla ya kufika kwako. Tabibu anayejua Kiswahili cha mahali analisikia hilo. Likishaandikwa kwa Kiingereza kama neno la kitabuni, habari yote ile imeanguka chini. Hakuna taa itakayowaka, kwa sababu kwenye maandishi hakuna pengo linaloonekana. Pengo lilitokea kabla ya maandishi.

Makala ya Penda haipimi kipande hiki. Wala siwalaumu kwamba walificha kitu. Walipima kile mfumo wao uliweza kuwapa. Lakini ukiweka chombo kinachosahihisha maandishi halafu ukaacha bila kupimwa hatua inayoyazaa maandishi, umelinda mlango wa nyuma na kuacha wa mbele wazi.

Si Nairobi peke yake

Usidhani hii ni kasoro ya kliniki zetu. Marekani, kwenye mifumo mikubwa yenye kila kifaa, hadithi ni ileile.

Mwaka 2019 jarida la *Science* lilichapisha kazi ya Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyokuwa ikichagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilitakiwa kukadiria nani ana hali mbaya zaidi, ila kilichokuwa kwenye faili na ni rahisi kuhesabu ni gharama: mgonjwa huyu ametumia kiasi gani cha fedha za matibabu. Watu Weusi, kwa sababu za vikwazo vya muda mrefu, walikuwa wametumia fedha kidogo kuliko Weupe wenye hali ileile. Programu ikasoma kwamba wana afya njema. Watafiti walikadiria kwamba upendeleo huo ukiondolewa, Weusi wangetoka asilimia 17.7 ya wanaochaguliwa mpaka asilimia 46.5. Programu haikukosea hesabu. Ilisoma faili sawasawa, na faili halikuwa mgonjwa.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima programu ya kampuni ya Epic inayotoa tahadhari ya sepsisi, ile hali ambayo maambukizi yanauzidi mwili mpaka unaanza kujidhuru wenyewe. Ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya waliolazwa, na hata hivyo iliwakosa asilimia 67 ya waliokuwa na sepsisi. Baadaye ikafahamika kwamba kati ya vitu ilivyokuwa ikivisoma ni agizo la antibiotiki. Yaani daktari ameshashtuka, ameshaandika dawa, ndipo mashine inasema: jamani, huyu ana hatari. Ilikuwa inasoma wasiwasi wa daktari kwenye faili, na kuurudisha kwake kama ugunduzi.

Mifano mitatu, nchi mbili, teknolojia tofauti kabisa, na shimo ni moja. Mashine inakutana na mtu kupitia kile kilichoandikwa juu yake.

"Binadamu yupo", halafu?

Jibu la kawaida ni kwamba usiogope, binadamu ndiye anayeamua. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutokuwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 nao unaanza na uhuru wa binadamu kubaki na uamuzi, kisha unataja usalama, uwazi, uwajibikaji, usawa na uendelevu. Ni kanuni nzuri, na sina ugomvi nazo.

Lakini tusidanganyane. AI Consult haiamui chochote peke yake, kwa hiyo ulinzi huo wa sheria hauigusi. Tabibu yupo, amesaini. Ikiwa ameizoea taa ya kijani kiasi kwamba akiiona anamuita mgonjwa anayefuata, kisheria binadamu ameamua. Kwa mgonjwa, tofauti iko wapi? Kuwepo kwa binadamu chumbani hakutoshi. Lazima awe bado anamtazama mgonjwa. Hilo halithibitishwi na saini, linathibitishwa kwa kupima.

Na linapimika. Nairobi hiyohiyo imeshawahi kufanyika utafiti, uliochapishwa mwaka 2017, wa kutumia wagonjwa wa kuigiza: watu waliofundishwa kueleza dalili za kifua kikuu, pumu na kadhalika, wanaingia kliniki kama mgonjwa yeyote, kisha wanaeleza walichoulizwa na walichofanyiwa. Hapo hujali kilichoandikwa. Mtu alikuwa chumbani na anajua kama kifua chake kilisikilizwa. Weka wagonjwa wa namna hiyo kwenye kliniki zenye AI Consult na zisizo nayo, nusu waeleze kwa Kiswahili cha mtaani, kisha linganisha walichosema na kilichofika kwenye faili. Swali la dada muuguzi lingepata jibu.

Njia ya pili ni rahisi zaidi: kaa na wafanyakazi. Google walipopeleka Thailand programu yao ya kusoma picha za jicho kutafuta madhara ya kisukari, watafiti walikwenda kliniki 11 wakawatazama wauguzi wakiitumia. Ripoti yao ya mwaka 2020 inasema kati ya picha 1,838 za miezi sita ya kwanza, asilimia 21 zilikataliwa na programu kwa ubora hafifu. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha kupiga picha nzuri, na intaneti ilikuwa ya kusuasua. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa aliambiwa aende kwa mtaalamu, pengine mbali, hata kama muuguzi alikuwa anaona jicho halina shida. Hakuna takwimu ya maabara ambayo ingekueleza kuhusu taa ya chumbani. Ilibidi mtu aende akakae.

Neno la mwisho kuhusu utafiti wa Penda: mwenye modeli ni miongoni mwa walioandika makala. Wamelisema wazi, na uwazi huo ni heshima. Lakini muuza mizani hapaswi kuwa shahidi pekee wa uzito. Duru inayofuata ipimwe na watu wasiouza chochote.

Basi nimebadili mawazo?

Kidogo, ndiyo. Nilikwenda Alhamisi ile nikisema chombo hiki kinapunguza makosa ya matibabu. Sasa nasema kinapunguza makosa yanayoonekana kwenye rekodi, na kwamba huenda, nasisitiza huenda, sehemu kubwa ya hayo ni makosa ya kweli juu ya watu wa kweli. Kama ningekuwa naendesha kliniki yenye foleni na tabibu mmoja aliyechoka, ningekitumia. Ningekitumia huku nikiweka mtu wa kukaa chumbani mara moja kwa wiki, bila kompyuta, asikilize tu.

Nawe msomaji huna haja ya kusubiri utafiti mwingine. Siku ukienda kliniki ukamwona tabibu anaandika kwenye kompyuta, mwombe kwa adabu: "Daktari, samahani, hebu nisomee kwa Kiswahili ulichoandika." Ni sekunde ishirini tu. Kama ulisema homa ukimaanisha mafua na yeye ameandika mwili unachemka, hapo hapo mtajua. Mashine isingejua kamwe.

Nilimtumia dada muuguzi rasimu ya makala hii kabla ya kuipandisha. Alijibu kwa mstari mmoja: "Afadhali. Sasa nenda kliniki ukakae."

Nimepanga kwenda Jumatatu.